Nilitaka mngurumo, nikapata mvumo: sailensa mpya ya VX yangu, Shimanzi

Sailensa ya zamani ilinifia ferini, hapa Mombasa. Nilikuwa natoka Likoni kwa wakwe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chombo kimeshatua upande wa kisiwani. Nikakanyaga mafuta kidogo nitoke, na chini ya kiti cha nyuma kikalia kishindo, paa! kisha sauti ya bati linalochanwa. Watu wa miguu waliokuwa wakipanda kilima wakageuka wote. Mama mmoja mwenye beseni la mahamri kichwani akaniambia, "Baba, gari lako lina kifua, lipeleke hospitali." Nikaenda hivyo hivyo mpaka Kilindini, vioo juu, kama kwamba vioo vingenificha.

Gari lenyewe ni Land Cruiser 100, hii tunayoiita VX, ya mwaka 2004, petroli, V8 ya lita 4.7. Wenye dizeli wamenicheka miaka saba sasa kwa pesa ninazoacha petroli stesheni, na wako sawa, lakini hii tathmini si ya mafuta. Ni ya fundi mmoja wa ekzosi pale Shimanzi, na ya sailensa aliyonifungia, kwa sababu nimeulizwa na watu wengi mno kwenye maegesho ya msikiti na nimechoka kueleza mmoja mmoja.

Kwanza, kwa nini ile ya zamani ilioza. Mimi nakaa Tudor, kazi yangu ya uwakala wa forodha iko Kilindini. Safari yangu ya kila siku ni fupi, na injini kubwa kama hii ikiwaka dakika kumi na tano na kuzimwa, ekzosi haijapata moto wa kutosha. Petroli ikiungua huzaa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Ukienda Nairobi yote hutoka kwa nyuma. Ukienda Tudor mpaka bandarini, hutulia ndani ya sailensa na kuitafuna kwa ndani. Kwa nje iko chumvi yetu ya pwani. Basi chuma kinaliwa pande zote mbili kama mua. Nilipoingia chini kutazama, nilitia kidole kwenye mshono wa sailensa na kidole kikapita mpaka ndani.

Bei niliyotajiwa ya sailensa halisi ya kiwandani ilinifanya niulize mara ya pili, nikidhani nimetajiwa bei ya injini. Na hapo ndipo shetani alipoingia. Nikajiambia, kama nanunua nyingine na si ya kiwandani, kwa nini nisinunue yenye sauti?

Asiyejua V8 hizi atanishangaa. Zile silinda nane hazichomi kwa zamu ya kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mpangilio wa injini hii ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Namba witiri ziko upande wa kushoto, shufwa upande wa kulia. Ufuate kwa kidole utaona kuna mahali upande wa kulia huchoma mara mbili mfululizo, na mahali kushoto huchoma mara mbili mfululizo. Kule kupishana ndiko kunakoleta ile sauti ya kugubia, kama mtu mnene anayecheka kifuani bila kufungua mdomo. Toyota wameificha kabisa. Ukiwa ndani ya VX iliyo nzima husikii kitu ila kiyoyozi. Mimi nilitaka kusikia kidogo. Kidogo, nasema.

Gereji ya kwanza niliyokwenda siitaji, wala mtaa wake sitautaja. Fundi alichungulia chini, akasimama, akafuta mikono, akasema atanitolea vyote viwili, sailensa na katalitiki, lile kopo la kusafisha moshi, anipige bomba moja kwa moja mpaka nyuma, na hatanitoza hata senti ya kazi. Hata senti! Mtu anayekufanyia kazi ya siku nzima bure lazima umuulize anakula nini. Anakula katalitiki. Ndani ya lile kopo kuna sega lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna watu wanaozinunua kwa bei nzuri. Na gari langu linazo mbili, moja kila upande wa injini, kabla mabomba hayajaungana. Mwenye gari anabaki na harufu ya moshi mkali, taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi kwa sababu sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya katalitiki haioni tofauti tena, na kompyuta inaandika P0420, namba ya kosa hilo, kila ukiifuta. Nikamshukuru, nikaondoka. Ukiambiwa bure katika kazi ya ekzosi, funga mlango wa gari na uondoke.

Kununua sailensa yenyewe kulinichukua wiki mbili. Duka moja, nalo silitaji, waliniwekea mbele kopo linalong'aa kama sufuria ya harusi. Wakasema ni chuma cha pua cha 304, kile cha juu kabisa, na bei ilikuwa ya 304 kweli. Mimi nilikwenda na sumaku ya mlango wa friji, yenye picha ya nanasi, niliyoitoa nyumbani bila ruhusa ya mwenye nyumba. Chuma cha 304 kwa kawaida hakinasi sumaku. Nikaibandika. Ikanasa, tap! Muuzaji akatazama nanasi, nanasi likatazama muuzaji. Sasa niseme haki: chuma cha pua cha 409 nacho hunasa sumaku, na sailensa nyingi nzuri za kiwandani ni za 409, hakina ubaya. Lakini usiniuzie 409 kwa bei ya 304 ukidhani sina friji.

Niliyonunua mwishowe niliipata kwa fundi mwenyewe wa Shimanzi, ambaye huweka chache nyuma ya gereji, zimefungwa magazeti. Fundi huyu ni mzee wa makamo, kofia ya kiua iliyogeuka rangi ya oili, na watu wote humuita Ami. Nami nikamuita Ami. Gereji haina kibao. Ukiingia Shimanzi ukafuata mahali malori ya kontena yanapojipanga, utasikia grinda kabla hujaona mlango.

Swali lake la kwanza halikuwa la bei. Aliniuliza, "Shekhe, unataka chapuo au unataka vumi?"

Ni ngoma zetu hizo: chapuo ndogo ya sauti kali, vumi kubwa ya sauti nzito. Nikacheka, nikamwambia vumi.

"Basi usinunue ya kuta," akasema. Akachukua sailensa mbili zilizopasuliwa katikati, anazo maalumu za kuwaonyesha wateja, na hapa ndipo nilipompenda. Moja ndani ina kuta za bati: moshi unaingia chumba cha kwanza, unagonga ukuta, unapinda, unaingia cha pili. Sauti zinarudi nyuma na kugongana zenyewe kwa zenyewe. Flowmaster ya Marekani ilijipatia jina kwa mtindo huo, na sauti yake ni kavu, ya kubweka. Ya pili ndani ina bomba moja lililonyooka lenye vitundu vingi kama kibao cha kukunia karoti, limezungushiwa pamba ya kioo. Moshi unapita moja kwa moja bila kugonga kitu. Sauti nyembamba, zile za kuchoma masikio, huponyoka kwenye vitundu na kufia kwenye pamba. Nzito hazishikiki, zinapita zake. MagnaFlow hutengeneza hivyo. Inayobaki masikioni ni sauti ya chini, nzito, bila ile kelele ya juu. Na kadiri kopo linavyokuwa refu ndivyo pamba inavyokuwa nyingi na sauti inavyozidi kupoa.

Nikachagua ya bomba lililonyooka, tundu la inchi mbili na nusu, kopo la inchi kumi na nane. Niliomba ya inchi tatu. Ami akanikatalia. Akasema bomba pana kwenye injini isiyoguswa halileti ila kelele, na bado nitamrudia. Bei shilingi 22,000. Sumaku yangu ya nanasi haikunasa. Ilianguka kwenye mguu wake, akaiokota, akaitazama, akanirudishia bila kusema kitu.

Kazi ilianza Jumatano. Niliambiwa nije saa mbili asubuhi, gari likiwa baridi, kwa sababu ekzosi ya moto haishikiki. Nilifika saa mbili kasorobo. Yeye alifika saa tatu na nusu. Hilo andika.

Lakini alipoanza, alianza vizuri. Kitu cha kwanza kijana wake alitoa waya wa betri kabla ya mtu yeyote kushika mashine ya kuchomelea. Nimeona magari mawili yaliyounguzwa kompyuta kwa kusahau jambo hilo moja. Gari likasogezwa juu ya shimo, Ami akashuka na taa, akagonga mabomba yote kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma, akisikiliza. Bomba zima linalia, lililooza linasema "buu". Akachora mstari wa chaki mahali chuma kilipoanza kulia. Hakukata kwenye mshono kama nilivyodhani, alikata mbele zaidi, kiasi cha shubiri moja, akasema hana haja ya kuunga kitu kipya kwa mgonjwa.

Grinda ikaingia. Cheche zilipaa mpaka kwenye bampa la nyuma, na kijana hakuwa ameweka gunia, kwa hiyo leo bampa langu lina vidoa vitatu vya kuungua upande wa kulia, ukubwa wa punje ya mtama. Nilipomwonyesha Ami alimtazama kijana kwa namna ambayo nilimwonea huruma kijana. Bampa halikubadilishwa, lakini walinikatia shilingi 500 bila mimi kuomba.

Sailensa ya zamani iliposhuka niliibeba mwenyewe. Nzito, na ukiitikisa ilikuwa na mchanga ndani. Si mchanga, ni kutu. Kijana aliimimina chini, ikatoka rundo la kujaza kopo la maziwa.

Kisha ikawa kazi ya kupanga. Sailensa mpya ikaning'inizwa kwa waya, Ami akawa anaisogeza kidole hiki, kidole kile, akipitisha mkono kati yake na fremu, kati yake na tairi la akiba, kwa sababu VX huinama na kuinuka na bomba likigusa bodi litagonga milele. Akachapa doti tatu za weldi, akatoka shimoni, akaenda kunywa kahawa. Nikamuuliza mbona. Akasema chuma kikipoa kinajivuta, anataka akitazame kikishajivuta ndipo akichome chote. Alirudi, akapima, kweli kilikuwa kimesogea. Akakata doti moja, akairudia.

Kuchomelea alitumia mashine ya gesi, na waya wa 309, ule wa kuungia chuma cha pua na chuma cha kawaida. Nawatajia namba kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mtu ananunua sailensa ya pua kwa pesa nyingi, anachomelewa kwa fimbo ya chuma cha kawaida, na baada ya masika mawili mshono unaoza na sailensa nzima inaanguka ikiwa bado inang'aa. Mshono wa Ami ni kama senti zilizolazwa moja juu ya nyingine. Nimeupiga picha, mke wangu amekataa niuweke kwenye simu kama picha ya mbele.

Tuliwasha saa kumi na mbili kasoro, jua linazama nyuma ya kreni. Niliahidiwa saa sita mchana. Hilo pia andika. Lakini ilipowaka! Sikuwa nimeisikia injini yangu miaka saba. Ikatoa "huumm" moja pana, halafu ikatulia ikigubia taratibu, unaisikia kwenye kifua cha mbavu kabla ya sikio. Dereva wa lori lililokuwa likingoja pembeni akazima redio. Nikakanyaga kidogo, ikapanda bila kupiga kelele. Nilicheka kama mjinga.

Ami hakucheka. Aliniambia maneno ambayo sikuyatilia maanani: "Hapa tumesikia ya kusimama. Ya barabarani utaniletea wewe."

Nililipa kazi shilingi 7,500, nikatoa zile 500, M-Pesa, risiti ya mkono. Nikapita Makupa, nikazunguka mpaka Moi Avenue bila sababu yoyote ila kusikia sauti ikirudi kutoka kwenye kuta, nikapita chini ya yale mapembe ya ndovu ya sanamu, nikashusha vioo. Nyumbani mke wangu alinisubiri mlangoni. Akasikiliza mpaka nikazima. "Umenunua mashua?" akaniuliza. Mwanangu wa kiume wa miaka kumi na mbili yeye alitaka niwashe tena.

Wiki ile nilikuwa mtu wa furaha. Mjini hakuna shida, mwendo ni polepole, injini inacheka chini kwa chini. Jumamosi tukaenda Voi kwenye arusi ya binamu, mimi, mke, watoto, na mama yangu mzazi kiti cha kati. Mpaka Mazeras sawa. Kilima chote mpaka Mariakani, raha tupu. Baada ya Mariakani barabara ikanyooka, nikatulia kwenye kilomita 90, na ndani ya gari kikaingia kitu.

Si kelele, hata sijui nikiiteje. Mvumo. Kama mtu ameshika chupa kubwa anaipuliza pembeni ya kila sikio, hachoki wala hapumui. Maneno ya mtu wa kiti cha nyuma huyasikii ila unaona midomo. Nikapunguza mpaka 80, ukaondoka. Nikapandisha mpaka 105, ukaondoka. Nikirudi 90, uko palepale, unaningoja. Na nani asiyeijua barabara ile: ukienda 80 malori yanakusukuma, ukienda 105 unakutana na lori lingine mbele, na mwendo wako wa kweli, siku nzima, ni 90.

Mama alivumilia mpaka Taru. Kisha akaniinamia begani akasema, "Mwanangu, hili gari lako linasoma uradi. Lini litamaliza?"

Tulisimama Mackinnon Road, kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, kuswali. Nilipozima injini masikio yaliendelea kuvuma yenyewe. Mke wangu hakusema neno. Ninyi mlio na wake mnajua.

Usiku ule Voi nilikaa na kalamu. Injini ya silinda nane huchoma mara nne kila inapozunguka mara moja. Kwenye kilomita 90 mshale wangu husimama kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. Hiyo ni 30 kwa sekunde, mara nne, ni mapigo 120 kwa sekunde. Sauti ya mapigo 120 ikikuta bodi kubwa kama ya VX, ambayo kwa kweli ni sanduku lenye viti, inaligeuza sanduku zima kuwa ngoma. Sailensa ya kiwandani ilikuwa ikiiua sauti hiyo moja kwa makusudi, kwa vyumba vilivyopimwa. Mimi nilitoa vyumba nikaweka bomba lililonyooka. Niliomba vumi, na nimepewa vumi.

Jumatatu nilirudi Shimanzi nikiwa nimepanga maneno makali. Ami hakunipa nafasi. Aliponiona tu akauliza, "Mizunguko mingapi?" Nikamwambia 1,800. Akaingia ndani akatoka na kipande cha bomba.

Sasa hapa ndipo kazi ambayo imenifanya niandike. Alichokifanya ni kuunga mkia kando ya bomba kubwa, mbele ya sailensa. Mkia uliozibwa mwisho, hauendi popote. Ukiuona utadhani fundi amesahau kumalizia. Sauti ya ule mvumo inafika kwenye njia panda, sehemu yake inaingia mkiani, inagonga kizibo, inarudi, na inaporudi imechelewa nusu ya wimbi. Inakutana na nyenzake zinazopita: moja inasukuma, nyingine inavuta, zinauana. Sauti nyingine zote za injini hazijali mkia huo, zinapita na mngurumo wao. Ni dawa ya ugonjwa mmoja tu.

Urefu wake lazima uwe robo ya wimbi. Sauti katika hewa ya kawaida hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, lakini kwenye moshi wa nyuzi 200 hukaribia mita 435. Gawa kwa 120, gawa kwa nne, unapata sentimita 90 na ushei. Hiyo ni hesabu yangu ya Voi, nilimwonyesha kwenye karatasi. Ami akaisoma, akatikisa kichwa kwa heshima, akakata inchi arobaini. Nikamwambia hiyo ni zaidi ya mita moja. Akaniambia, "Kukata naweza. Kurefusha ni weldi."

Kizibo chake hakukichoma. Alikitengeneza kama pistoni ya bomba la sindano, sahani ya chuma yenye boliti katikati, unaweza kuisukuma ndani na kuikaza. Kisha tukaenda barabara ya Dongo Kundu, mimi kwenye usukani, yeye kiti cha nyuma amefumba macho, kijana na spana. Kilomita 90. Mvumo upo, lakini umeshuka kidogo, sasa unakuja kwenye 85. Tukasimama pembeni, kijana akaingia chini na glavu mbili kila mkono, akasukuma inchi mbili. Tena. Akasukuma inchi moja na nusu. Tena. Mara ya tatu nilifika 90 nikangoja, nikapita 95, nikarudi 90, 85, 90. Nilisikia matairi. Nilisikia kijana akikohoa. Nilisikia, baada ya siku tano, kiyoyozi.

"Hapo," akasema Ami, bado amefumba macho.

Tulipopima gerejini ilikuwa inchi thelathini na sita na nusu, sentimita 92 na nukta saba. Karatasi yangu ilisema 90 na ushei. Sikusema kitu, yeye pia hakusema. Alikata iliyozidi akachoma kizibo moja kwa moja. Nilipouliza kazi ya pili ni pesa ngapi, alinitoza chuma tu, 1,500. Ya ufundi akakataa, akasema ile ya kwanza haikuwa imekwisha, hii ni ileile.

Sasa miezi minne imepita. Mambo yasiyo mazuri niyaseme. Nguvu haikuongezeka, asikudanganye mtu. Kupanda kilima cha Mazeras ni kulekule. Mafuta ni yaleyale, kilomita tano kwa lita mjini nikiwa na adabu. Baada ya wiki tatu ilianza kulia kitu kama sarafu kwenye kopo nikisimama kwenye foleni ya Nyali. Ilikuwa bati la kukinga joto, boliti moja ililegea walipokuwa wakikata. Walikaza bure, lakini nilipoteza asubuhi. Raba moja ya kuning'inizia wameirudisha ya zamani, imepasuka sasa, nilipaswa kuuziwa mpya siku ya kwanza.

Kubwa zaidi ni alfajiri. Injini hii ikiwa baridi huwaka na mizunguko ya juu dakika ya kwanza, na dakika hiyo mtaa mzima unajua naenda msikitini. Jirani yangu, mzee wa watu, ameniambia kwa upole kwamba siku hizi anaamka kwa gari langu, kisha ndipo anamsikia muadhini. Siku hizi natembea, ni hatua mia mbili, hata aibu kusema nilikuwa naendesha. Tena tusisahau kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 ambazo NEMA, mamlaka ya mazingira, inazisimamia, na magari yamo. Mimi sijasimamishwa na mtu, na nikiwa nyuma ya matatu ya Bamburi mimi ndiye mkimya, lakini bomba tupu lisilo na sailensa nisingethubutu.

Jumla nimelipa shilingi 30,500. Kwa kazi ya mikono Ami nampa tano kwa tano. Kwa saa nampa moja, na hiyo moja ni kwa kuwa alifika. Mama amepanda tena mpaka Malindi, akalala kuanzia Mtwapa mpaka daraja la Kilifi, akaamka akauliza kama gari limerudishwa lilivyokuwa.

Mkienda: nendeni gari likiwa baridi, nendeni na kiti chenu cha plastiki kwa sababu kivuli ni cha mwarobaini mmoja na kina wenyewe, mwambieni kijana aweke gunia juu ya bampa kabla ya grinda. Ijumaa anafunga saa tano na harudi. Na kama mna sumaku, itoeni friji mapema, ile yangu ya nanasi imebaki gerejini. Inashikilia karatasi ya hesabu yangu kwenye kabati lake la spana, na nikiidai ananiambia anaitumia.